Panapoitwa pori palikuwa na nyumba za watu

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua za wasomaji. Nimefundisha shule za msingi katika Mkoa wa Lindi tangu ujana wangu hadi nilipostaafu, na jambo ninaloliandika limenikaa moyoni tangu siku niliyokabidhi ofisi.

Siku hiyo tulikuwa tunahesabu mali za shule. Nyuma ya kabati la vitabu tukakuta bango la mfumo wa mmeng'enyo wa chakula, limechorwa kwa kalamu ya wino mzito: koo, tumbo, ini, utumbo mwembamba, utumbo mpana. Nalijua bango hilo. Lilitundikwa darasa la tano kwa miaka mingi na mimi mwenyewe nimelifundishia. Nilipoligeuza ili nilikunje, nikaona upande wa pili una mistari ya kahawia iliyojipindapinda, mito ya buluu, na majina ninayoyafahamu tangu utotoni. Ilikuwa ramani ya kwetu. Mwalimu fulani aliyetutangulia alikosa karatasi ya manila akachora kwenye upande mweupe. Simlaumu, maana shida ya vifaa naijua. Lakini niliketi palepale juu ya dawati nikashindwa kuendelea kuhesabu. Watoto wa kijiji hiki, mwaka baada ya mwaka, walikaa mbele ya ramani ya kwao iliyogeuziwa ukuta.

Kwa asiyezizoea, hizi ni ramani zilizochapwa karatasi kwa karatasi kwa skeli ya 1:50,000, yaani sentimita mbili za karatasini ni kilomita moja ya ardhini. Ndege ilipita juu ikipiga picha zinazopandiana kwa zaidi ya nusu. Kisha wachoraji wa idara ya Kiingereza ya upimaji wa ng'ambo, iliyoanzishwa mwaka 1946 na baadaye kuwa na ofisi zake Tolworth, karibu na London, walizitazama picha hizo mbili mbili kwa stirioskopu, kifaa kinachofanya kilima kiinuke mbele ya macho kama kilivyo. Hapo ndipo walipovuta mistari ya kontua, inayounganisha mahali penye kimo kimoja, mito na njia za miguu, na mapaa ya nyumba waliyoyaona wakayawekea nukta nyeusi. Ukingoni mwa karatasi yetu imeandikwa kwamba picha zilipigwa miaka ya 1960. Mimi nilikuwa mtoto wa kubebwa mgongoni, kwa hiyo mojawapo ya nukta zile ni nyumba niliyokuwa nimelala ndani yake.

Kijiji chetu cha sasa, chenye shule, zahanati, msikiti na ghala la ushirika, kwenye ramani hiyo hakipo. Palipo shule pameachwa peupe, njia moja tu ya miguu inakatiza. Nilipandisha kidole kuifuata njia hiyo, nikavuka kontua zinazobanana pale penye mteremko mkali, nikatokea mlimani. Huko ndiko kwenye nukta. Nilihesabu arobaini na moja. Zimetawanyika, tatu hapa, tano kule, na kila kundi lina njia yake inayoshuka hadi kwenye duara dogo la buluu. Maduara hayo ni visima.

Msomaji kijana pengine atauliza watu hao walikwenda wapi. Novemba 1973 ilitangazwa kwamba kuishi katika vijiji ni lazima. Wenzetu wa kando ya Ruvuma walikwisha kuanza kukusanywa kabla ya hapo, kwa sababu ya vita vya Msumbiji. Sisi zamu yetu ilifika mwaka 1974, nikiwa na miaka tisa. Nakumbuka lori. Nakumbuka kuku waliofungwa miguu wakitazama juu. Nakumbuka bibi yangu alivyokataa kupanda mpaka amimine unga chini ya mti, penye kaburi la mumewe, na yule kijana aliyekuwa akitusimamia akageuka pembeni akamwacha amalize. Nyasi za paa ziliezuliwa mchana uleule ili tusiwe na pa kurudi.

Sisemi kwamba kijijini hatukupata kitu. Nimesoma kwa sababu ya kijiji, na ualimu wangu umetoka huko. Ila mikorosho ilibaki mlimani, sisi tukashushwa barabarani, mwendo wa saa mbili kwa miguu. Korosho haichumwi kama embe, inaokotwa chini. Usipofyeka chini ya mti hutaiona, na usipokuwa karibu, moto wa msimu wa kiangazi unapita kabla yako. Msimu wa 1973/74 nchi yetu ilikusanya zaidi ya tani 140,000 za korosho. Ilipofika msimu wa 1986/87 hazikufika tani 20,000. Bei mbaya ilichangia, ugonjwa wa ubwiriunga ulichangia sana, lakini waulize wazee wa Mtwara na Lindi watakwambia na hili la mikorosho iliyoachwa bila mwenyewe. Ramani yangu inaonyesha mwenyewe alikuwa wapi.

Nije kwenye kilichonifanya nishike kalamu. Miaka michache iliyopita walikuja wataalamu kutusaidia kuandaa mpango wa matumizi bora ya ardhi ya kijiji. Walikuwa vijana wenye adabu, wana vishikwambi na picha ya setilaiti, na walitusikiliza. Kwenye picha ile mlimani kote kulikuwa kijani kitupu. Kwenye rasimu wakaandika "pori, ardhi ya akiba". Mkutano Mkuu wa Kijiji ukaridhia. Nilikuwepo, na nilinyoosha mkono pamoja na wengine. Hilo linaniuma mpaka leo, kwa sababu mimi nimezaliwa kwenye pori hilo na sikusema neno. Tulikuwa tumelizoea neno lenyewe. Kwa miaka karibu hamsini tumekuwa tukisema "tunakwenda porini kuokota korosho", bila kujiuliza nani alipanda mikorosho porini.

Sasa kuna mwombaji anayetaka ekari nyingi za huko juu kwa kilimo. Simtaji, kwa kuwa shauri bado liko kijijini. Sipingi mtu kulima. Ninachopinga ni sentensi moja ya barua yake iliyosomwa mbele yetu, kwamba eneo hilo halijawahi kuwa na makazi.

Nilimwendea mjomba, ndugu wa mwisho aliyebaki wa tumbo la bibi yangu. Kwetu Wamwera, mtu wa kuulizwa habari za ukoo ni mjomba. Macho yake yamepungua nguvu lakini miguu bado. Nilimfungulia ramani mkekani nikaanza kumweleza nukta, kontua, skeli. Alinikatiza.

"Mwalimu, hebu nionyeshe mto."

Nikamwekea kidole chake kwenye mstari wa buluu. Akaupapasa kuelekea juu, taratibu, kama anayeusikia. Akasimama penye kona. "Hapa pana mkuyu," akasema. Mkuyu haumo kwenye ramani, lakini kona imo.

Tulipanda Jumamosi, mimi, yeye na wajukuu wawili. Tulifuata njia ya ramani, siyo ya siku hizi. Siku hizi watu wanazungukia upande wa magharibi kwa sababu pikipiki haziwezi mteremko. Njia ya zamani imezibwa na vichaka, ila ukiinama unaiona, ardhi imelika kwa nyayo na katikati mna mbonyeo kama sahani. Kwenye nukta ya kwanza hatukuona nyumba, maana nyumba ya miti na udongo ikishaezuliwa haidumu. Tuliona mwembe mkubwa. Tuliona vigae vya vyungu, kimoja kina nakshi ya vidole ukingoni. Mjukuu wangu mdogo ndiye aliyeyaona mafiga. Mawe matatu yamekaa vilevile yalivyoachwa, yamezama kidogo, na moja bado lina weusi upande wa ndani. Aliyatazama akaniuliza nani alikuwa akipika hapa. Mjomba akamjibu kwa jina. Akataja na watoto wa huyo mama, na mkubwa wao ni mtu tunayemjua, anauza samaki wakavu pale stendi. Amezeeka bila kujua kwamba mafiga ya mama yake bado yapo.

Mzee wa kwetu ana neno la mahali kama hapo: mahame. Pori na mahame ni vitu viwili. Porini hapajawahi kukaliwa. Mahameni wamehama watu, na walichokipanda, walichokichimba na waliowazika vimebaki. Lugha yetu ilikwisha kutofautisha, sisi ndio tuliolisahau neno na kuliacha lile linalomfaa anayetaka paonekane hapana mtu.

Visima vilikuwa vitatu kwenye karatasi. Cha kwanza hatukukipata kabisa. Cha pili kimejaa udongo na mti umeota katikati. Cha tatu kilikuwa pale kwenye kona ya mto, na mkuyu upo, shina lake watu wanne hawalikumbatii. Chini yake matete. Mjomba aliomba jembe, akakwatua mara chache akapumzika, wajukuu wakaendelea. Kabla ya adhuhuri maji yalikuwa yanajikusanya, ya rangi ya chai ya maziwa, kiasi cha ndoo moja. Mwaka uliotangulia pampu ya kijiji ilikufa miezi minne na wanawake walikuwa wakinunua ndoo kwa waendesha bodaboda. Chemchemi iko mlimani na hakuna mtu wa chini ya miaka hamsini aliyejua.

Makaburi ramani haikuyaonyesha. Kutoka angani kaburi la mtu wa kijijini ni nyasi tu. Mjomba alituongoza hadi kwenye kundi la miti isiyokatwa, tukakuta ncha za mawe. Nilivua viatu. Bibi yangu amezikwa kijijini, kwenye makaburi ya kijiji, mbali na mumewe, na sikuwa nimewahi kulifikiria hilo mpaka niliposimama pale.

Niseme pia lile ambalo wenye matumaini makubwa hawatapenda. Ramani si hati ya ardhi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 ilithibitisha ugawaji uliofanyika wakati wa kuhamishwa, kuanzia mwaka 1970 hadi 1977, kwa hiyo mtu asichukue karatasi kama yangu akadhani atamwondoa jirani yake shambani. Jirani naye alishushwa kwa lori kama mimi. Tena nukta haina jina wala ukoo, na palipokuwa na miti mizito mchoraji hakuona paa hata kama lilikuwepo. Lakini sheria hiyohiyo inautaka mkutano wa kijiji uamue matumizi ya ardhi yake, na mkutano hauwezi kuamua vizuri ukiwa umeonyeshwa picha ya leo peke yake.

Kuna vingine vimo kwenye karatasi hiyo ambavyo watoto wetu wanavikanyaga kila siku. Wanakwenda shule juu ya tuta refu lililonyooka na wanadhani Mungu ndiye aliyelinyoosha. Ni tuta la reli ya karanga. Waingereza walianza mpango wao wa karanga mwaka 1947, na Nachingwea ilikuwa moja ya sehemu zake kuu. Wakajenga reli ya kufika huko, wakajenga bandari ya Mtwara, iliyofunguliwa mwaka 1954. Mpango wa karanga wenyewe ulikuwa umeshakufa tangu mwaka 1951. Reli ikasogezwa hadi Masasi kutafuta mizigo, haikulipa, mwaka 1962 ikafungwa na mataruma na vyuma vikang'olewa. Baba yangu alibeba kokoto za reli hiyo akiwa kijana. Kengele ya shule niliyofundisha ni kipande cha reli kilichofungwa kwa waya kwenye mwembe, na kila asubuhi nimekigonga. Hakuna hata mtoto mmoja niliyewahi kumwambia kimetoka wapi, kwa sababu kwenye muhtasari wa masomo hakimo.

Mjukuu wangu anayesoma chuo alinitafutia kwenye simu ramani nyingine, ya Wajerumani, ya skeli ya 1:300,000, waliyoisimamia Paul Sprigade na Max Moisel na kuchapwa Berlin. Hiyo haina nukta za nyumba. Ina njia za misafara na majina mengi ya watu, maana zamani zile huku kwetu mji ulikuwa mtu. Mwenye mji akihama, jina linahama naye, na mpima ardhi akirudi analikuta kwingine. Machemba, chifu wa Wayao aliyekuwa na ngome yake Luagala kwenye uwanda wa Makonde na ambaye mwaka 1890 alimwandikia Hermann von Wissmann, kamishna wa Wajerumani, barua kwa Kiswahili kukataa kumtii, aliondoka mwaka 1899 akavuka Ruvuma. Kwa hiyo watu wetu wamehama mara nyingi, kwa vita, kwa njaa, kwa amri, na kila ramani imewanasa wakiwa mahali pamoja tu kwa muda. Ndiyo maana naona vibaya kuitegemea moja, hata hii yangu ninayoipenda.

Ombi langu kwa halmashauri zetu za Mtwara na Lindi ni dogo na halihitaji mfadhili. Wataalamu wanapokwenda kijijini kuandaa mpango wa ardhi, waje pia na karatasi ya zamani ya eneo hilo kutoka kwa wenzao wa upimaji na ramani, waitandike mbele ya wazee kabla ya kuwasha kishikwambi. Nakala moja ibaki ofisi ya mtendaji, ukutani, uso ukitazama watu. Palipo na mahame paandikwe mahame, hata kama baadaye kijiji kitaamua palimwe. Makaburi yapimwe. Na walimu wenzangu wa jiografia wa sekondari za kata, mnaofundisha usomaji wa ramani kwa vipande vya mikoa ambayo mwanafunzi hajawahi kufika, tafuteni karatasi ya kwenu. Mtoto akijua kontua zile ndizo mteremko anaopandisha kuni, hutapata kazi kumweleza.

Na mwenye karatasi ya namna hii nyumbani, iliyojalidi daftari au iliyotandikwa kabatini chini ya vikombe, naomba aigeuze aitazame kabla hajaitupa.

Yangu nimeibandika nyuma kwa kitambaa ili isiendelee kuchanika mikunjoni. Kila nukta mjomba anayoitambua naandika jina pembeni kwa penseli: jina la mwenye nyumba, mkewe, na mahali walipo watoto wao sasa. Kati ya nukta arobaini na moja tumezitaja ishirini na nne. Kumi na saba hazina majina, nyingi ziko upande wa mashariki, ambako mjomba anasema walikaa watu wa ukoo mwingine na anayewajua ni bibi mmoja aliyeolewa kijiji cha pili. Nimeshampelekea salamu. Amesema niende Ijumaa baada ya swala, niende na karatasi.

Mwalimu mstaafu,
Mtama, Lindi